Kufundisha Ushahidi wa Malalamiko: Mfano wa Kaunta ya Jikoni

UTANGULIZI

Uandishi wa barua za malalamiko ni mada ya siku nyingi katika somo la Kiswahili. Walimu wengi huifundisha kwa kuonyesha mahali pa kuandika anwani, tarehe, kichwa cha barua, salamu na sahihi. Mwanafunzi akishazipanga sehemu hizo vizuri hupewa alama za kuridhisha, na somo huhesabiwa kuwa limekwisha. Lakini mtu anayeipokea barua ya namna hiyo katika maisha ya kawaida, awe fundi, mwenye duka au hakimu, hashughuliki sana na anwani imekaa upande gani wa karatasi. Yeye hujiuliza: haya yanayodaiwa yana ushahidi gani? Kwa swali hilo wanafunzi wetu hawaandaliwi vya kutosha.

Makala hii inakusudia kumwonyesha mwanachuo jinsi anavyoweza kufundisha ukusanyaji wa ushahidi kabla ya kufundisha barua yenyewe. Somo linafaa kwa madarasa ya juu ya shule ya msingi na kwa miaka ya kwanza ya sekondari. Mfano uliochaguliwa ni kaunta ya jikoni iliyojengwa kwa zege, yaani ile meza ya kudumu ambayo juu yake hukatwa nyama na mboga na kupangwa sahani. Mahali palipochaguliwa ni Igogo, katika Wilaya ya Nyamagana, jijini Mwanza. Mwalimu aliye kwingineko anaweza kubadili kitu na mahali bila kubadili hatua za somo.

SABABU ZA KUCHAGUA MFANO HUU

Mwalimu mwema huanza na kitu ambacho mwanafunzi anakijua. Mtoto wa Igogo amekulia kati ya mawe makubwa ya mlimani na maji ya Ziwa Victoria. Nyumba nyingi zimepanda mlima, nyingine zimeegemea mwamba wenyewe. Na huko chini, kandokando ya ziwa, zipo shughuli za bandari na viwanda vya kusindika samaki. Watu wa kazi hizo hula kwa mama lishe, na mama lishe hutegemea mahali safi pa kuandalia chakula. Kwake yeye kaunta ni sehemu ya mtaji, kama vile sufuria na mkaa.

Kaunta yenye ufa ina madhara mawili. Kwanza, maji ya samaki na nyama huingia ndani ya ufa, mahali ambapo kitambaa na sabuni havifiki, na humo vijidudu vya maradhi huzaliana. Ndiyo maana viwanda vya samaki hutakiwa kuwa na meza zenye uso laini, usionyonya maji na ulio rahisi kusafishwa. Pili, zege lililopasuka linaweza kuanguka na kumwumiza mtu. Kwa hiyo mama anayelalamikia kaunta yake anatetea fedha yake, afya ya wateja wake na usalama wa watoto wanaocheza karibu naye. Upande wa pili yuko fundi, ambaye jina lake jema mtaani ndilo linalompatia kazi ya kesho. Mmoja wao akihukumiwa bila ushahidi, nyumba nzima hulala na njaa.

Historia ya ziwa lenyewe inatupatia funzo juu ya jambo hili. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulisimamisha ununuzi wa samaki wa Ziwa Victoria, kwa sababu ya habari kwamba baadhi ya wavuvi walitumia sumu za kuulia wadudu katika uvuvi. Viwanda, wavuvi na wachuuzi walipata hasara. Kusema tu kwamba samaki wetu ni wazuri hakukutosha kulifungua soko. Ilibidi ukaguzi uimarishwe, samaki wapimwe katika maabara, na majibu ya vipimo yaonyeshwe kwa wanunuzi. Mwenye shaka hashawishiki kwa sauti kubwa. Hushawishika kwa jambo analoweza kulikagua yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo kanuni moja ambayo somo hili zima limejengwa juu yake.

SHABAHA ZA SOMO

Somo litachukua vipindi vitatu vya dakika 40 kila kimoja. Mwishoni mwa vipindi hivyo mwanafunzi aweze:

(a) kutenganisha jambo aliloliona, jambo aliloambiwa na jambo analolidhani;
(b) kupima na kuandika dosari ya kitu kwa namba, mahali na tarehe;
(c) kutaja utetezi ambao mdaiwa anaweza kuutoa, na kuuchunguza kwa haki;
(d) kuandika barua ya malalamiko ambayo kila dai lake lina ushahidi wake.

Zana zinazohitajika ni tepu ya kupimia, rula, penseli, kikombe cha maji, msumari, kipande cha sifongo na daftari. Hakuna hata moja iliyo ngumu kupatikana.

HATUA YA KWANZA: KUSOMA BARUA ISIYO NA USHAHIDI

Mwalimu aandike ubaoni barua ifuatayo, ambayo, pamoja na ile itakayofuata baadaye, imetungwa kwa ajili ya somo:

"Fundi, nimesikitishwa sana na kazi mbovu uliyonifanyia. Kaunta uliyonijengea ni mbaya kuliko zote nilizopata kuziona. Saruji yangu uliiba, nondo hukuweka, na kila mtu hapa mtaani anasema wewe ni tapeli. Biashara yangu imekufa kabisa kwa ajili yako. Nataka fedha zangu zote mara moja, la sivyo utanitambua."

Baada ya kuisoma kwa sauti, mwalimu aulize: je, mama huyu anasema kweli? Wanafunzi wengi watajibu ndiyo, kwa kuwa wanamwonea huruma. Mwalimu asiwakatize. Kisha aulize swali la pili: kama wewe ndiwe fundi, utajibu nini? Hapo darasa litachangamka. Fundi anaweza kuikana kila sentensi kwa neno moja. Kaunta ni mbaya kwa namna gani? Nani aliyeona saruji ikiibwa? Huyo "kila mtu" anaitwa nani? Tena maneno ya mwisho, "utanitambua", yanampa fundi nafasi ya kugeuka mlalamikaji na kusema kwamba ametishwa.

HATUA YA PILI: KUTENGANISHA MANENO

Mwalimu achore ubaoni safu tatu na kuzipa vichwa hivi: Niliyoyaona au Kuyapima, Niliyoambiwa, Ninayoyadhani. Wanafunzi waichukue barua ile sentensi kwa sentensi na kuziweka katika safu zinazostahili. "Saruji uliiba" itaingia safu ya tatu. "Nondo hukuweka" itaingia huko pia, maana nondo zimo ndani ya zege na macho hayazioni. "Kila mtu anasema" itakwenda safu ya pili. Kazi hiyo ikimalizika, darasa litatambua jambo la ajabu: safu ya kwanza imebaki tupu. Mama ana kaunta iliyopasuka nyumbani kwake, lakini katika barua yake yote ufa wenyewe haukutajwa.

Ni muhimu mwalimu aeleze kwamba safu ya tatu haitupwi. Dhana ni mwanzo wa uchunguzi, mradi igeuzwe kuwa swali. "Hukuweka nondo" igeuzwe kuwa "Je, nondo zimo, na zimewekwa mahali panapofaa? Tutajuaje?" Maneno ya safu ya pili nayo yana njia yake. Kama jirani alimwona fundi akifanya jambo fulani, jirani huyo ndiye wa kulieleza kwa kinywa chake. Maneno yaliyopita vinywa vitatu hayana uzito wa maneno ya aliyeona.

HATUA YA TATU: KUPIMA NA KUWEKA KUMBUKUMBU

Katika kipindi cha pili wanafunzi watoke nje wakafanye kazi kwa mikono. Kama shule ina jiko lenye kaunta, na itumiwe. Kama haina, ufa wowote katika sakafu ya darasa au katika ngazi utafaa. Kila kundi lenye wanafunzi watano au sita lifanye mambo haya:

1. Vipimo. Wapime urefu, upana na unene, na unene upimwe mahali pasipopungua patatu, maana kaunta inaweza kuwa nene ukingoni na nyembamba katikati.

2. Mwendo wa ufa. Waweke alama ndogo ya penseli kila mwisho wa ufa na kuandika tarehe kando yake, kisha warudi kupima baada ya juma moja na baada ya majuma mawili. Ufa uliosimama na ufa unaoendelea kukua ni mambo mawili tofauti, na namba ndizo zitakazoonyesha tofauti hiyo.

3. Mteremko. Wamwage kikombe kimoja cha maji juu ya kaunta na kutazama yanakoelekea na yanakotuama.

4. Ugumu wa uso. Wausafishe uso na kuuacha ukauke, kisha waukwaruze kidogo kwa msumari na kuupitisha mkono. Uso unaotoa unga mwingi ni dhaifu.

5. Picha. Ipigwe picha ya mbali inayoonyesha kaunta nzima na jiko lilivyo, halafu picha ya karibu ambamo rula imelazwa kando ya ufa. Picha ya karibu bila ya mbali haionyeshi ni ufa wa wapi. Picha isiyo na rula haionyeshi ukubwa. Picha ya asili ibaki katika simu kama ilivyopigwa, bila kukatwa wala kuongezwa rangi.

6. Karatasi na malipo. Wakusanye makubaliano, risiti na ujumbe wa malipo ya simu. Fundi wa mtaani mara nyingi hatoi risiti, kwa hiyo ujumbe wa malipo ndio huwa shahidi wa tarehe na kiasi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Hapa mwalimu wa Kiswahili ashirikiane na mwalimu wa sayansi, ili wanafunzi wajue kwa nini vipimo hivyo vina maana. Zege hukomaa kwa sababu saruji huungana na maji. Halikomai kwa kukaushwa na jua. Kwa hiyo hutakiwa kuwekwa katika hali ya unyevu kwa siku kadhaa, na kwa desturi ya ujenzi zisipungue siku 7. Nguvu yake hupimwa ikifika siku ya 28. Maji yakizidi wakati wa kuchanganya, au zege likiachwa kukauka mapema, hubaki dhaifu na hupata nyufa.

Nondo nazo zina mahali pake. Mwalimu achukue kipande cha sifongo, achore mistari ubavuni kwa kalamu, akiweke juu ya vitabu viwili kama daraja, kisha abonyeze katikati. Wanafunzi wataona mistari ya juu ikisogeleana na ya chini ikitengana. Zege huvumilia sana kubanwa, lakini huvumilia kidogo mno kuvutwa. Kwa kaunta iliyoshikiliwa pande mbili, sehemu inayovutwa ni ya chini, na nondo hazina budi kuwekwa karibu na chini. Kwa kaunta iliyochomoza kutoka ukutani bila nguzo mbele, mambo hugeuka: juu ndiko kunakovutwa. Mwanafunzi aliyeona sifongo hilo ataelewa kwa nini hawezi kusema tu "nondo hakuna". Nondo zaweza kuwamo, lakini zikawa mahali pasipofaa.

HATUA YA NNE: KUMSIKILIZA FUNDI

Hatua hii ndiyo kiini cha somo, na ndiyo ambayo walimu wengi huiruka. Darasa ligawanywe nusu mbili. Nusu moja iwe upande wa mama, nusu ya pili iwe upande wa fundi. Upande wa fundi ufikiri kwa bidii utetezi wote unaoweza kutolewa, na upande wa mama ueleze jinsi kila utetezi unavyoweza kuchunguzwa. Kwa kawaida yatatokea mambo kama haya:

"Mama, uliweka jiko la mkaa juu yake, au ulitwanga kinu hapo." Uchunguzi: je, pana alama za moto au za kugongwa? Ufa umeanzia mahali gani?

"Nilikuagiza umwagie maji na usubiri kabla ya kuitumia." Uchunguzi: maagizo yalikuwa yapi, na nani aliyasikia? Kaunta ilianza kutumiwa tarehe ngapi?

"Nyumba yako imekaa mlimani, na ukuta umeshuka." Uchunguzi: je, ufa unaendelea hadi katika ukuta unaobeba kaunta? Ukiwa unaendelea, huenda kosa ni la msingi wa nyumba, wala si la kaunta. Katika mitaa ya mlimani kama ya Igogo utetezi huu haufai kupuuzwa.

"Uliipokea kazi na ukanilipa." Uchunguzi: dosari ilikuwa ya wazi siku ya makabidhiano, au ilijitokeza baadaye? Mama alimwarifu fundi baada ya muda gani?

Mwalimu awasisitizie wanafunzi kwamba swali la ukuta lazima liulizwe kwa moyo mweupe. Mama akikuta ufa umeendelea hadi ukutani, hana ruhusa ya kupiga picha ya kaunta peke yake na kuuacha ukuta nje ya picha. Ushahidi uliochaguliwa ili kuficha nusu ya ukweli ni uongo, hata kama kila sehemu yake ni ya kweli. Tena ni uongo usiodumu, kwa kuwa fundi atakuja na kuuona ukuta kwa macho yake. Waraka wa Mwalimu Nyerere wa mwaka 1967 juu ya Elimu ya Kujitegemea ulitaka shule zijenge akili ya kudadisi. Akili hiyo hupimwa vizuri zaidi pale mtu anapoyadadisi madai yake mwenyewe.

SHERIA INAVYOUPIMA USHAHIDI

Mwalimu wa Kiswahili si wakili, wala haifai ajifanye wakili. Hata hivyo ni vema ajue mambo machache ya msingi, ili asifundishe kinyume cha utaratibu wa nchi.

Katika Mahakama ya Mwanzo, Kanuni za Ushahidi za mwaka 1964 zinamtaka mdai athibitishe mambo yote yanayohitajika kwa madai yake, isipokuwa yale ambayo mdaiwa ameyakubali. Katika shauri la madai si lazima shaka yote iondolewe. Yatosha ushahidi wa upande mmoja uwe na uzito kuliko wa upande wa pili. Mwalimu anaweza kueleza jambo hili kwa mfano wa mizani ya sokoni: hakuna anayetaka sahani moja igonge chini, yatosha ionekane imeinama.

Makubaliano ya mdomo kati ya mama na fundi yanaweza kuwa mkataba halali kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961, ila ni vigumu kuyathibitisha kuliko ya maandishi. Sheria hiyohiyo, katika kukadiria fidia, huzingatia njia ambazo mdai alikuwa nazo za kupunguza hasara. Kwa hiyo aliyeona ufa akaendelea kuongeza mizigo juu ya kaunta anaudhoofisha ushahidi wake mwenyewe. Na anayesema biashara imekufa hana budi kuonyesha daftari la mauzo ya kabla na ya baada. Picha za simu na ujumbe wa malipo vinaweza kupokewa kuwa ushahidi kwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, lakini uzito wake hutegemea jinsi vilivyotengenezwa na kuhifadhiwa. Hiyo ndiyo sababu ya kuacha picha ya asili bila kuiguza.

Iwapo kaunta ilinunuliwa dukani ikiwa tayari, Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ndiyo inayohusika. Mnunuzi aliyemweleza muuzaji matumizi anayoyakusudia na kuutegemea ujuzi wake ana haki ya kupata kitu kinachofaa kwa matumizi hayo. Lakini akiwa amekikagua kitu kabla ya kununua, hawezi kutegemea kanuni ya ubora kwa dosari ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuidhihirisha. Ipo pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayokataza kumpotosha mlaji, na inayosimamiwa na Tume ya Ushindani.

Katika ununuzi wa dukani majina huleta magomvi. Neno "marumaru" hutumiwa na wengi kwa vigae vya sakafuni, na wengine kwa jiwe lenyewe la marumaru. Tena wapo wanaoliita jiwe hilo graniti. Graniti ni jamaa ya yale mawe ya milima ya Mwanza, na maji ya ndimu hayaidhuru kwa urahisi. Jiwe la marumaru lina asili ya chokaa. Tone la ndimu likikaa juu yake huuondoa mng'aro. Mwenye kulalamika asiandike tu "uliniuzia jiwe bandia". Aandike jina lililotajwa katika risiti, na aeleze kilichotokea ndimu ilipoachwa juu ya jiwe kwa muda fulani. Jaribio hilo lifanyiwe kipande cha pembeni kisichotumika, kwa kuwa huacha doa.

HATUA YA TANO: KUANDIKA BARUA

Sasa ndipo mwanafunzi ashike kalamu. Baada ya jaribio la darasa, mwalimu aonyeshe barua hii kwa kulinganisha:

"Fundi,

YAH: UFA KATIKA KAUNTA YA JIKONI

Tarehe 4 Machi tulikubaliana, mbele ya mpangaji mwenzangu, unijengee kaunta ya zege yenye urefu wa sentimita 240, upana wa sentimita 60 na unene wa sentimita 8, kwa shilingi 180,000. Nilikulipa kwa simu shilingi 100,000 siku hiyo, na shilingi 80,000 tarehe 12 Machi uliponikabidhi kazi. Uliniagiza niimwagie maji na nisubiri siku 7. Nilifanya hivyo, nikaanza kuitumia tarehe 20 Machi.

Tarehe 2 Aprili niliona ufa katikati ya kaunta, wenye urefu wa sentimita 41. Tarehe 9 Aprili ulikuwa sentimita 47, na tarehe 16 Aprili sentimita 55. Tarehe 2 Aprili nilipima pia unene mahali patatu ukingoni, nikapata sentimita 5, 5 na 6. Siku ya makabidhiano sikupima. Ukuta unaobeba kaunta sikuuona na ufa. Sikuweka jiko wala kinu juu yake, na tangu tarehe 2 Aprili nimeondoa vyombo vyote vizito.

Kuhusu nondo siwezi kusema lolote, kwa kuwa hazionekani. Naomba uje tuikague pamoja Jumamosi tarehe 25 Aprili, saa 4 asubuhi. Ukiwa na sababu nyingine ya ufa huu, nitaisikiliza. Tukiona kosa ni la ujenzi, naomba uijenge upya kwa unene tuliokubaliana, au ulipe gharama za kuijenga upya. Nimeambatisha picha nne na nakala za ujumbe wa malipo."

Wanafunzi walinganishe barua hizi mbili. Watagundua kwamba ya pili haina tusi hata moja, na bado ni ngumu zaidi kuijibu. Inakiri jambo lisilomsaidia mwandishi, yaani kwamba hakupima siku ya makabidhiano, na kwa kukiri huko inaaminika zaidi katika mengine. Inaomba jambo moja linaloeleweka na kuweka siku. Fundi akija na tepu yake atapata namba zilezile, na asipozipata ataweza kusema.

TATHMINI

Wanafunzi wabadilishane barua wawili wawili. Kila mmoja achukue nafasi ya mdaiwa na kupiga mstari chini ya kila sentensi anayoweza kwenda kuikagua mwenyewe. Sentensi zisizo na mstari zirudishwe kwa mwandishi azithibitishe au azifute. Katika kusahihisha napendekeza alama 20 zigawanywe hivi: ushahidi wenye namba, mahali na tarehe, alama 8, kutenganisha yaliyoonekana na yanayodhaniwa, alama 4, kuzingatia utetezi wa upande wa pili, alama 4, muundo na lugha, alama 4.

Mambo mawili yahitaji tahadhari. Kwanza, wanafunzi wasipelekwe katika nyumba yenye ugomvi wa kweli, wala jina la fundi yeyote wa mtaani lisitajwe darasani. Pili, darasa likiwa kubwa, vipimo vifanywe na makundi kwa zamu wakati wengine wanaandika orodha ya utetezi wa fundi.

HITIMISHO

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama nchini. Badiliko hilo linamwongezea mwalimu wa Kiswahili wajibu. Watoto tunaowafundisha watadai na watadaiwa kwa lugha hii, mbele ya Baraza la Kata, mbele ya hakimu, au barazani kwa jirani. Wengine wao watakuwa mama lishe, na wengine watakuwa mafundi. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza "nimelijuaje hili?" kabla ya kuandika atakuwa na uwezo wa kuitetea haki yake, na hatampokonya mwenzake haki yake kwa maneno matamu. Kazi hiyo yaweza kuanza wiki hii, kwa rula, penseli na ufa wa sakafu ya darasa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni sentensi gani katika barua ya pili ambayo fundi bado anaweza kuikana? Ungeitafutia ushahidi gani?
2. Tuseme ufa umeonekana kuendelea hadi ukutani. Iandike upya aya ya pili ya barua hiyo kwa uaminifu.
3. Andaa somo la namna hii kwa kutumia kitu kingine kinachojulikana na wanafunzi wa mahali utakapofanyia mazoezi ya kufundisha, kama vile mtumbwi unaovuja, sare iliyochuja rangi au baiskeli iliyotengenezwa vibaya.